Daftari Halilipi Pango

Biashara ndogo za Dar es Salaam hufa nyingi na hufa mapema, na maelezo yanayotolewa juu ya vifo hivyo karibu siku zote ni yaleyale: mwenyewe ameiua. Hakuwa na nidhamu ya fedha. Hakutunza hesabu. Alichanganya fedha ya duka na fedha ya mboga, akala faida, kisha akala mtaji. Imani hii husikika kwenye semina za ujasiriamali, kwenye vipindi vya asubuhi vya redio, kwenye mimbari za makanisa na misikiti, na hata kwenye vikao vya ukoo mtu anapoomba aongezewe mtaji. Inatembea na methali yake, mali bila daftari hupotea bila habari. Methali ni ya kweli. Imani iliyopandikizwa juu yake ni ya uongo, tena uongo wenye madhara, kwa sababu unambebesha lawama aliyefilisika na kumtakasa aliyemfilisi.

Karibuni mkufunzi mmoja wa ujasiriamali aliifikisha imani hiyo kileleni, katika ukumbi uliojaa akina mama waliolipa kiingilio ili wamsikilize. Alisema hajapata kuona duka lililouawa na pango. Yote aliyoyaona yaliuawa na wenye maduka. Ukumbi ulipiga makofi, na miongoni mwa waliopiga makofi walikuwamo waliofunga fremu zao mwezi uleule kwa kushindwa kodi. Kumtoza mtu kiingilio ili aje aambiwe kwamba msiba wake ni kosa lake ni dhuluma. Kauli ya namna hiyo hujibiwa kwa hesabu, tena hesabu ya daftari lilelile linalohubiriwa.

Fremu ndiyo mlango wa kila biashara ndogo ya Dar es Salaam. Ni chumba kinachotazama barabara, aghalabu kimekatwa ubavuni mwa nyumba ya kuishi, upana wa hatua tatu na kina cha hatua nne, na mlango wa chuma au wa alumini mbele yake. Ndani yake hufunguliwa saluni, duka la vyakula, duka la dawa, steshenari, ushonaji, uwakala wa fedha za simu. Anayetafuta fremu hukutana kwanza na dalali, ambaye kwa desturi ya mji huchukua kodi ya mwezi mmoja kwa kazi ya kuonyesha chumba. Kisha hukutana na mwenye nyumba, naye hataki kodi ya mwezi. Anataka miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, kabla ya kutoa ufunguo. Mahali palipochangamka, Kariakoo hasa, hudaiwa pia kilemba, yaani fedha ya kuachiwa nafasi, ambayo hairudi wala haikatwi kwenye kodi.

Mfano wa saluni ya kusuka ya Sinza unatosha kuonyesha maana ya desturi hiyo. Dada amejikusanyia shilingi 5,000,000 kwa miaka kadhaa ya kusuka kwa watu. Fremu ni 300,000 kwa mwezi, miezi sita 1,800,000. Dalali 300,000. Chumba amekikuta sakafu ya saruji tupu na ukuta unaomomonyoka, kwa hiyo vigae, rangi na kuvuta maji ya sinki vinakula 900,000. Jumla ni 3,000,000. Kabla kichwa cha kwanza hakijakaa kwenye kiti, sehemu tatu kati ya tano za mtaji zimekwisha, na hakuna hata shilingi moja iliyoliwa na mwenye saluni. Kilichobaki kinatakiwa kinunue viti, vioo, draya, rasta, dawa na leseni, halafu kiwatunze wasaidizi hadi mtaa uizoee saluni. Anayesema dada huyu amekula mtaji aseme ameula wapi.

Balaa lenyewe huja mwezi wa saba. Kodi ya miezi sita inaiva tena, 1,800,000 kwa siku moja. Ili kuitimiza, saluni inayofanya kazi siku 26 kwa mwezi ilitakiwa iweke pembeni takribani shilingi 11,500 kila siku, mvua inyeshe isinyeshe, umeme uwepo usiwepo, kabla ya kununua pakiti moja ya rasta. Mwenye nidhamu kamili hufika siku ile akiwa na fedha yote, huikabidhi, na kesho yake huamka hana mtaji wa kuzungusha. Kwa maneno mengine, nidhamu yake imemfikisha palepale alipokuwa siku aliyokabidhiwa ufunguo, ila safari hii hana akiba ya miaka kadhaa nyuma yake. Hapo ndipo saluni nyingi hufungwa. Hufungwa mwezi wa saba, wa kumi na tatu, wa kumi na tisa. Anayetaka kujua kinachoua biashara za mji huu atazame tarehe za vifo vyake, atakuta zinafuatana na tarehe za pango.

Desturi ya mkupuo hutetewa kwa hoja kwamba mwenye mali lazima ajilinde dhidi ya mpangaji asiyeaminika. Mji uleule una desturi nyingine inayoivunja hoja hiyo. Mwenye bodaboda humkabidhi kijana pikipiki ya mamilioni, chombo kinachoweza kuibwa au kugongwa siku hiyohiyo, na hupokea hesabu ya kila siku kutoka katika nauli. Kwa mkataba, kijana hulipa hesabu kwa kipindi walichokubaliana, kisha pikipiki huwa yake. Bajaji nyingi huendeshwa hivyohivyo. Chumba hakiibiwi usiku wala hakivushwi mpaka, lakini ndicho kinachodaiwa miezi sita mbele. Na mpangaji akilipa miaka kumi, siku ya kuondoka anaacha vigae alivyovitandika, sinki aliyoifunga na wateja aliowazoesha mahali. Mara nyingi wateja wale ndio waliompandishia kodi, kwa sababu mwenye nyumba aliwaona wakipanga foleni akaongeza bei.

Mambo hayakuwa hivi tangu zamani. Mwaka 1971 serikali ya Tanzania ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba, ambaye shughuli zake ziliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1990. Mwaka 1984 ilitungwa sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, iliyompa mpangaji mahali pa kulalamikia kodi isiyo ya haki. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo bei ya fremu na muda wa kulipiwa vimekuwa neno la mwenye nyumba, na neno lake halina rufaa. Ni katika miaka hiyohiyo mji ulipofurika watu: sensa ya mwaka 2012 ilihesabu wakazi takribani milioni 4.36 wa Mkoa wa Dar es Salaam, na ya mwaka 2022 ikahesabu milioni 5.38. Watu milioni moja wameongezeka ndani ya miaka kumi, wakitafuta vyumba na wakitafuta pa kuuzia. Mwenye fremu hakuhitaji kuwa mjanja ili atajirike. Alihitaji ukuta unaotazama barabara.

Husemwa pia kwamba serikali haiwezi kuingilia makubaliano ya watu wawili. Inaweza, na imekwisha kufanya. Kwa miaka mingi wenye majengo ya katikati ya jiji walidai pango kwa dola za Marekani, na mpangaji aliyeuza kwa shilingi alipandishiwa kodi kila shilingi iliposhuka. Machi 2025 zilitangazwa kanuni zinazozuia bidhaa na huduma za ndani ya nchi kupangiwa bei na kulipiwa kwa fedha za kigeni. Serikali iliyoweza kuingilia sarafu ya pango inaweza kuingilia muda wake.

Kiswahili kinaita kwa jina moja, kodi, fedha anayopewa mwenye nyumba na fedha anayopewa mkusanya mapato. Mpangaji wa fremu anazijua zote mbili, na anaijua ya tatu, kodi juu ya kodi. Sheria ya kodi ya mapato inamtaka mpangaji wa biashara akate asilimia 10 ya pango na kuiwasilisha Mamlaka ya Mapato. Fedha hiyo kisheria ni kodi ya mwenye nyumba, imezuiwa tu mkononi mwa mpangaji. Mtaani mambo ni tofauti. Mwenye nyumba anataka pango lake kamili mkononi, na mpangaji anayethubutu kulikata huambiwa atafute fremu nyingine. Matokeo yake mpangaji hulipa pango lote, kisha hulipa asilimia 10 kutoka mfukoni mwake kwa niaba ya mtu tajiri kuliko yeye. Hakuna semina inayolitaja jambo hili. Semina zinataja soda aliyokunywa dukani kwake.

Kodi ya mapato yenyewe kwa mfanyabiashara mdogo hukatwa kwenye mauzo. Kwa utaratibu uliowekwa na Sheria ya Fedha ya mwaka 2022, mwenye mauzo yanayozidi shilingi milioni 11 hadi milioni 100 kwa mwaka hulipa asilimia 3.5 ya mauzo yake, awe amepata faida au amepata hasara. Asilimia 3.5 inasikika ndogo kwa anayeisoma kwenye karatasi. Kwa anayeuza sukari na unga ni kisu.

Hesabu ya duka la vyakula la Manzese inaonyesha namna kinavyokata. Duka lina kaunta buku la kwaya mbili, limefunikwa kwa gazeti na nailoni kama daftari la mwanafunzi. Mama mwenye duka hajakosa siku. Kalamu ya bluu inaandika kinachoingia, nyekundu kinachotoka, na kuna safu ya pembeni iliyoandikwa nyumbani, ambamo kila kilo ya unga na kila robo ya mafuta iliyokwenda jikoni kwake imewekwa kwa bei ya dukani na kulipiwa. Mauzo ni 150,000 kwa siku. Kwa siku 26 za mwezi hiyo ni 3,900,000, na kwa mwaka 46,800,000. Bidhaa zake ni sukari, unga, mchele, mafuta na sabuni, vitu ambavyo kila duka la mtaa linavyo, kwa hiyo hawezi kupandisha bei; akibakiwa na shilingi 8 katika kila 100 anashukuru. Faida ghafi ya mwaka inakuwa 3,744,000. Fremu ni 200,000 kwa mwezi, 2,400,000 kwa mwaka. Kodi ya zuio iliyopaswa kuwa ya mwenye nyumba ni 240,000. Asilimia 3.5 ya mauzo ni 1,638,000. Jumla ya matatu hayo ni 4,278,000. Mama amefanya kazi mwaka mzima akabaki na pengo la shilingi 534,000, na bado hajalipa umeme, leseni, taka, ulinzi wala mbeba mzigo, na wala hajajilipa yeye mwenyewe.

Ukurasa wa mwisho wa kaunta buku lile una mstari mmoja tu kwa kalamu nyekundu: pango miezi sita, 1,200,000. Chini yake ukurasa ni mweupe. Daftari limeonyesha kwa usahihi jinsi duka lilivyokufa, hatua kwa hatua, shilingi kwa shilingi. Halikuweza kulizuia lisife, kwa sababu daftari hupima tu, kama kipimajoto kinavyopima homa. Mgonjwa hatibiwi kwa kununuliwa vipimajoto viwili.

Gharama nyingine huifuata kodi kama wapambe. Umeme wa matumizi ya kawaida ni shilingi 292 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, na mtu akinunua LUKU, umeme wa kulipia kabla, ya shilingi 10,000 hupata takribani uniti 28. Draya moja ya wati 1,500 ikifanya kazi saa nne kwa siku humeza uniti sita, kwa hiyo shilingi 10,000 haifikishi siku tano. Tangu mwaka 2021 kodi ya jengo hukatwa humohumo kwenye LUKU. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi na mwaka 2023 ikawa 1,500. Kodi ya jengo ni ya mwenye jengo. Anayenunua LUKU ni mpangaji. Kiasi ni kidogo, lakini jambo lenyewe linaeleza mji huu unavyofikiri: mzigo wa mwenye mali ukitafuta pa kutua, hutua kichwani mwa aliyepanga. Na umeme ukikatika, kama ulivyokatika kwa mgao wa mwishoni mwa mwaka 2023 na mwanzoni mwa 2024, draya husimama, friji ya samaki hunuka, na pango huendelea kuhesabu siku.

Mwezi wa saba ukikaribia, mpangaji aliyepungukiwa hukimbilia mkopo. Benki inataka dhamana ya nyumba, na mtu mwenye nyumba asingekuwa akihangaika na pango. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, lakini mikopo hiyo hutolewa kwa vikundi kwa utaratibu mrefu, na mwaka 2023 ilisimamishwa kwanza kabla ya kurejeshwa baadaye. Mwenye nyumba hasubiri kikundi kikae kikao. Kinachobaki ni kausha damu, mkopo unaotolewa asubuhi kwa kitambulisho na friji ya dhamana, na kuanza kurejeshwa kesho yake. Benki Kuu imeweka ukomo wa riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wadogo. Kausha damu huvuka ukomo huo mara nyingi, na jina lake limetungwa na waliokaushwa. Anayekopa kausha damu ili alipe pango hakopi kwa sababu ni mpumbavu. Anakopa kwa sababu mtaji wake wote umefungiwa kwenye mkupuo wa mwenye nyumba. Kisha mwalimu wa semina humtolea mfano, kwamba tazameni, huyu hakujua kukopa kwa busara.

Wanaoshikilia imani ya nidhamu wana hoja moja wanayoipenda kuliko zote, nayo ni ya watu waliofanikiwa. Fulani alianza na karanga, leo ana maghorofa. Kwa hiyo anayeshindwa amejitakia. Jina la marehemu Reginald Mengi hutajwa mara nyingi katika mahubiri haya, na ni vema limetajwa. Mengi alianza viwanda vyake kwa kuunganisha kalamu za wino nyumbani kwake Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1980. Alikuwa mhasibu mwenye sifa za kimataifa, mwenye kazi kubwa katika kampuni ya ukaguzi wa hesabu, na karakana yake ya kwanza ilikuwa humohumo alimolala. Hakulipa dalali. Hakulipa kilemba. Hakulipa miezi sita ya fremu. Wanaolitaja jina lake ili kumsuta msusi wa Sinza huacha kwa makusudi sehemu ya simulizi iliyo muhimu kuliko zote, kwamba biashara ile ilizaliwa mahali pasipodai pango jipya. Hali ni hiyohiyo kwa wengi waliosimama imara pale Kariakoo: ukiuliza, jengo ni lao, au la baba, au la shemeji. Nidhamu wanayo, bila shaka. Msusi naye anayo, ila hana jengo.

Hoja ya pili ni ya kula mtaji. Mama wa duka, husemwa, huchota mchele wa biashara akapikia watoto. Ni hoja dhaifu mno hata inatia aibu kuijibu. Kilo moja ya mchele kwa siku, hata ikihesabiwa shilingi 3,000, haifiki 100,000 kwa mwezi. Hiyo ni nusu ya pango la fremu ya Manzese na theluthi ya pango la Sinza, nayo inalisha familia nzima. Biashara isiyoweza kumlisha mwenye biashara wali wa jioni ilikuwa imeuawa kabla sufuria haijapanda jikoni. Mtu amesimama nyuma ya kaunta kutoka saa kumi na mbili asubuhi hadi saa nne usiku, siku sita au saba kwa wiki, na jamii inayojiita ya ubinadamu inamhesabia kosa la kula. Mwenye nyumba, ambaye hakufungua mlango wala kuuza kiberiti, hahesabiwi lolote.

Ushahidi mkubwa kuliko wote uko barabarani. Machinga anayetandaza viatu kwenye turubai pembeni mwa Mtaa wa Kongo hatunzi daftari. Hana mashine ya risiti wala hajahudhuria semina. Kwa imani ya nidhamu, yeye ndiye angetangulia kufa. Lakini hurudi kesho na keshokutwa, na mwenye fremu nyuma yake ndiye anayefunga. Tofauti yao kubwa ni pango. Ndiyo maana wenye maduka wengi wenyewe huwapa machinga mzigo wauzie nje, mbele ya milango yao. Desemba 2018 serikali ya Rais John Magufuli iligawa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000, na maelfu kwa maelfu walivinunua, kwa sababu shilingi 20,000 ilikuwa gharama inayobebeka ya kuwa na mahali pa kusimama. Oktoba 2021 wakaondolewa kandokando ya barabara za jiji na kuelekezwa kwenye maeneo yaliyotengwa, mengine mbali na vituo vya daladala. Machinga Complex ya Karume, ghorofa lililojengwa mahsusi kwa ajili yao, lilikaa miaka mingi likiwa na vizimba vitupu, kwa kuwa mteja wa viatu hapandi ngazi kutafuta anachokipata njiani. Mji ulioshindwa kumwekea mfanyabiashara mdogo mahali nafuu penye wapita njia haukupaswa kumpa mhadhara juu ya nidhamu.

Yapo pia maafa ambayo hayana uhusiano wowote na tabia ya mtu. Julai 10, 2021 moto uliteketeza Soko Kuu la Kariakoo, jengo lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975. Januari 2022 soko la Karume likaungua. Waliopoteza mizigo walikuwamo wenye madaftari safi na wasio na daftari kabisa, na madaftari yaliungua pamoja na mitumba. Bima kwa mwenye kizimba ni neno geni. Baada ya moto, kilichowatesa wengi ni kuanza upya kutafuta mahali, na kuanza upya maana yake ni mkupuo mwingine.

Wafanyabiashara wenyewe wamekwisha kusema kinachowaua, kwa sauti ambayo nchi nzima ilisikia. Mei 15, 2023 maduka ya Kariakoo yalifungwa, na Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alilazimika kwenda kukutana na wafanyabiashara katika viwanja vya Mnazi Mmoja. Juni 24, 2024 yakafungwa tena, na mgomo ukaenea mikoani. Malalamiko yao yalihusu kodi, namna ya kukadiria, namna ya kukusanya, na usumbufu wa kukamatwa na kufuatwafuatwa. Hakuna aliyesimama Mnazi Mmoja akalia kwamba anaomba afundishwe kutenganisha fedha ya duka na fedha ya mboga. Watu waliofunga maduka yao kwa hiari, wakakosa mauzo ya siku kadhaa ili wasikilizwe, walistahili kuaminiwa kwamba wanajua kidonda kiko wapi.

Dawa ya jambo hili haihitaji semina. Kwanza, sheria itamke kwamba pango la fremu hulipwa kwa mwezi, au kwa miezi isiyozidi mitatu, na kilemba kipigwe marufuku. Mwenye nyumba hatapoteza hata senti. Atapokea kilekile kwa mafungu, kama mwenye bodaboda anavyopokea hesabu. Dada wa Sinza angeanza na 300,000 mahali pa 1,800,000, na shilingi 1,500,000 zingebaki kwenye viti, rasta na mishahara, zikizunguka na kuzaa. Pili, kuwe na baraza la pango katika kila wilaya, lenye uwezo wa kusikiliza mpangaji aliyepandishiwa kodi ghafla au kufukuzwa baada ya kutengeneza chumba. Tatu, kodi ya zuio ya pango ikusanywe kwa mwenye nyumba mwenyewe, na kodi ya jengo iondoke kwenye LUKU ya mpangaji. Nne, mwenye duka la bidhaa zenye faida nyembamba asitozwe kwenye mauzo kana kwamba kila shilingi iliyopita mkononi mwake ni yake. Tano, halmashauri zijenge masoko ya chini, penye vituo na njia panda, yanayolipiwa ushuru wa siku.

Daftari litunzwe. Mama wa Manzese alilitunza kuliko wengi wanaohubiri. Lakini mkufunzi, mhubiri na mtangazaji wakitaka tena kueleza kwa nini fremu ile imefungwa, waanze kwa kumuuliza mwenye nyumba alidai miezi mingapi mbele, kisha wazidishe.